Kung'arisha Meno Bila Kuyatesa

Tangazo la kung'arisha meno halitafutwi siku hizi. Liko ukutani kwenye saluni, liko kwenye simu, liko kwenye mabango ya barabarani. Linaahidi meno meupe kwa saa moja. Halisemi lolote kuhusu usiku unaofuata, pale mtu anapokunywa maji ya friji jino likamchoma mpaka akashika shavu, au anapovuta pumzi kwa mdomo akashtuka kwa mchomo usio na sababu anayoijua. Akirudi kuuliza, huambiwa kuwa hayo ni ya kawaida, avumilie, urembo una gharama yake. Jioni ya leo nataka kulipinga jibu hilo. Sipingi kwamba maumivu hutokea. Hutokea, tena kwa watu wengi. Ninachokipinga ni dhana kwamba weupe na maumivu vimefungwa pamoja, kwamba anayeutaka wa kwanza sharti ayakubali ya pili. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya ganzi na mchomo unaofuata baada ya kung'arisha meno hutokana na mambo matatu yaliyo mikononi mwetu: ukali wa dawa, muda inaokaa juu ya jino, na hali ya kinywa kabla dawa haijapakwa. Weupe ule ule hupatikana kwa dawa hafifu. Kinachotakiwa zaidi ni siku.

Tulitazame kwanza jino lenyewe. Tabaka lake la nje, enameli, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Kwa uzito, takribani asilimia 96 yake ni madini. Chini yake kuna dentini, ambayo madini yake ni kama asilimia 70 tu, na rangi yake ya asili inaelekea manjano. Rangi hiyo ya ndani huonekana kupitia enameli, na kadiri enameli inavyolika kwa umri ndivyo inavyozidi kujitokeza. Basi mtu mwenye meno ya manjano kidogo hana ugonjwa, na mara nyingi wala si mchafu. Ni vizuri hili lisemwe waziwazi, maana matangazo yanawafanya watu wazima wenye meno mazuri waone haya kucheka. Lakini dentini ina jambo jingine linalotuhusu zaidi. Imetobolewa na mirija midogo sana, makumi ya maelfu katika kila milimita moja ya mraba, na mirija hiyo huelekea kwenye kiini cha jino, mahali penye mishipa ya damu na ya fahamu. Ndani yake mna umajimaji. Katika miaka ya 1960 mtafiti wa Sweden, Martin Brännström, alionyesha kuwa ule mchomo wa ghafla hutokana na kusogea kwa umajimaji huo: baridi, upepo au kitu kitamu huuvuta ama kuusukuma, na mishipa ya fahamu iliyo mwishoni mwa mirija hupokea msukumo huo kama maumivu. Maelezo yake ndiyo yanayokubaliwa zaidi hadi leo.

Dawa za kung'arisha, ziwe za kliniki au za nyumbani, karibu zote hutegemea haidrojeni peroksidi, kemikali ile ile ambayo ikiwa hafifu huuzwa katika maduka ya dawa kwa kuoshea vidonda. Molekuli yake ni ndogo mno. Hupenya enameli, ikaingia dentini, na huko huzivunja molekuli zenye rangi zikawa vipande visivyoonekana. Kupenya huku ndiko kunakoitofautisha na dawa ya meno ya kawaida, ambayo husugua tu madoa ya juu ya chai, kahawa na tumbaku. Shida ni kwamba peroksidi haisimami pale tunapotaka isimame. Majaribio ya maabara kwenye meno yaliyong'olewa yameonyesha kuwa ndani ya dakika 15 huwa imekwisha kufika kwenye kiini, na kwamba dawa ikiwa kali zaidi, inayofika huko huwa nyingi zaidi. Kiini hujibu kwa uvimbe wa muda, na mishipa ya fahamu iliyo ndani yake huwa myepesi kushtuka. Jambo hili lina matokeo ambayo wengi hawayategemei: jino zima kabisa, lisilo na tundu wala ufa, linaweza kuuma baada ya kung'arishwa. Na jino ambalo ufizi wake umerudi nyuma na kuacha shina wazi, au ambalo lina tundu lisilozibwa, huwa limeifungulia dawa njia ya mkato.

Ikiwa maumivu yanakuja kwa sababu ya wingi wa peroksidi inayofika kwenye kiini, swali la kuuliza ni hili: je, weupe nao unategemea wingi huo huo? Kama ndivyo, hoja yangu imekufa hapa hapa. Ushahidi unasema sivyo. Mbinu ya kung'arisha meno nyumbani kwa trei ya plastiki iliyochongwa kwa kipimo cha meno ya mgonjwa mwenyewe iliandikwa kitaalamu mwaka 1989 na Van Haywood na Harald Heymann wa Chuo Kikuu cha North Carolina. Walitumia kabamaidi peroksidi ya asilimia 10, ambayo ikiyeyuka hutoa haidrojeni peroksidi ya takribani asilimia 3.5. Hawakuianza wao: mwishoni mwa miaka ya 1960 daktari wa kunyoosha meno wa Arkansas, Bill Klusmier, alikuwa akiwapa wagonjwa dawa hiyo kwa ajili ya kutibu fizi, akaona meno yao yanakuwa meupe. Weupe, kwa maneno mengine, ulikuja bila kutafutwa, kutoka kwenye dawa hafifu iliyokusudiwa kutuliza kinywa. Linganisheni na jeli ya kliniki, ambayo mara nyingi ina haidrojeni peroksidi ya asilimia 35 hadi 40, yaani kama mara kumi.

Mwaka 1998 Ralph Leonard na wenzake walichukua meno yaliyong'olewa wakayatia katika kabamaidi peroksidi ya nguvu tatu tofauti: asilimia 5, 10 na 16. Dawa kali ilitangulia. Lakini muda ulipoongezwa, ile hafifu iliendelea kusogea mpaka ikakaribia kiwango kile kile. Miaka miwili baadaye Bruce Matis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Indiana walilijaribu jambo hilo vinywani mwa watu, wakilinganisha asilimia 10 na 15. Baada ya wiki mbili upande wa asilimia 15 ulikuwa mweupe zaidi. Ilipofika wiki ya sita tofauti haikuonekana tena. Aliyezoea kufua kanzu nyeupe hatashangazwa na matokeo haya: kuloweka usiku kucha kwa sabuni kidogo huitoa nguo safi sawa na kuisugua kwa dawa kali ya madoa, ila ya pili huila nyuzi. Ushahidi wenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, unatoka kwa watu wenye meno ya kijivu yaliyotokana na dawa ya tetrasaiklini waliyopewa utotoni, wakati meno yao yanajengwa. Hayo ndiyo madoa magumu kuliko yote. Katika utafiti wa North Carolina kikundi kidogo cha watu wenye meno ya namna hiyo kilitumia kabamaidi peroksidi ya asilimia 10 kila usiku kwa miezi sita. Meno yao yalipata weupe, na walipofuatiliwa miezi 90 baadaye wengi walikuwa bado wanaona faida yake. Doa gumu halikuhitaji dawa kali. Lilihitaji dawa ile ile hafifu na miezi mingi.

Upande wa pili wa mizani una utafiti mmoja ambao ningependa kila anayemiliki kiti cha kung'arishia meno ausome. Mwaka 2010 watafiti wa Brazil, wakiongozwa na Carlos de Souza Costa, walipaka haidrojeni peroksidi ya asilimia 38 kwenye meno ya watu waliokuwa wamekubali meno hayo yang'olewe kwa sababu nyingine. Jeli ilikaa dakika 45 kwa jumla, kama inavyofanyika kliniki. Meno yalipong'olewa na kuchunguzwa kwa hadubini, magego madogo yalikutwa salama. Lakini katika meno ya mbele ya taya ya chini, ambayo ni membamba, sehemu ya kiini ilikuwa imekufa. Meno haya ndiyo ambayo wagonjwa huyalalamikia zaidi baada ya kung'arishwa, na sasa tunajua kwa nini: enameli na dentini yake ni nyembamba, safari ya peroksidi ni fupi. Sisemi kila anayeketi kwenye kiti hicho hupoteza kiini cha jino. Wengi sana hupona bila dosari inayoonekana. Nasema kwamba maumivu yale yanatoa taarifa, na daktari anayeyaita ya kawaida bila kuyachunguza anaikataa taarifa aliyoletewa.

Hapa taa inastahili kusemwa kidogo, kwa kuwa ndiyo inayopigwa picha katika matangazo. Ile taa ya buluu inayoelekezwa mdomoni hudaiwa kuiamsha dawa. Uchambuzi uliokusanya majaribio mengi na kuchapishwa mwaka 2012 ulikuta kuwa pale jeli inapokuwa kali, taa haiongezi weupe, ila inaongeza uwezekano wa meno kuuma. Mteja analipia taa, na anachoongezewa ni ganzi. Tena sehemu ya weupe unaoonekana mtu anapoinuka kitini hutokana na meno kukauka kwa kukaa saa nzima mdomo wazi bila mate; yakilowa tena, rangi hurudi nyuma kiasi katika siku chache zinazofuata. Kipimo cha haki ni rangi ya baada ya wiki mbili, si ile ya kwenye kioo cha kliniki.

Nasikia pingamizi la kwanza, nalo ni la kweli: watu hawana wiki sita. Harusi ni Jumamosi, mahojiano ya kazi ni keshokutwa. Sidharau haja hiyo. Katika jamii zetu bibi harusi hutazamwa kuanzia hina ya miguuni mpaka ukingo wa ushungi, na picha zake zitakaa ukutani miaka arobaini. Lakini harusi hujulikana miezi kabla. Vitambaa vya sare huchaguliwa mapema, ukumbi hulipiwa mapema, kamati hukaa vikao kumi; jino halina sababu ya kukumbukwa wiki ya mwisho. Na hata pale siku zilipo chache kweli, kuna kitu kinachoweza kufanyika haraka bila peroksidi hata kidogo: kusafishwa meno kliniki, kuondolewa ukoga ulioganda na madoa ya chai na tumbaku. Kwa wengi hilo peke yake hubadilisha kicheko kuliko walivyotarajia, na baadhi yao hugundua kuwa hawakuhitaji kung'arishwa.

Pingamizi la pili ni kwamba maumivu hupita yenyewe, kwa hiyo kuyapigania ni kupoteza nguvu. Ni kweli hupita. Katika jaribio la mwaka 2002 la watu mia moja waliong'arisha meno nyumbani, takribani nusu walipata ganzi hafifu, mmoja katika kumi aliipata ya wastani, na wachache sana, wanne hivi, waliipata kali. Wiki zilivyokwenda malalamiko yakapungua. Lakini kuna tofauti kati ya kitu kinachopita na kitu kisicho na madhara. Mtu anayeumia huacha matibabu nusu njia, akabaki na meno yasiyolingana rangi na pesa iliyokwisha kutoka. Mwingine huacha kupiga mswaki vizuri kwa kuogopa mchomo, na fizi ikaanza kutoa damu. Wapo pia wanaoamua kuwa daktari amewaumiza bure, wakageukia njia za mtaani ambazo nitazitaja baadaye. Maumivu ya siku tatu yanaweza kuzaa tatizo la miaka.

Sasa tuingie katika namna ya kuyapunguza, maana hapa ndipo penye faida kwa msikilizaji. Hatua ya kwanza haigusi dawa yoyote: ni kuchunguzwa. Matundu yazibwe, ufa utafutwe, shina lililo wazi lijulikane, fizi zinazotoa damu zitibiwe. Daktari akague pia meno yaliyozibwa na yaliyovikwa kofia, kwa kuwa vitu hivyo havibadiliki rangi, na mtu asiyeambiwa huishia na jino moja la manjano katikati ya meupe. Muhimu kuliko yote ni kuulizwa swali fupi: je, meno yako huuma kwa maji baridi hata sasa? Utafiti wa Leonard na wenzake wa mwaka 1997 kuhusu nani hupata ganzi na nani haipati ulionyesha kuwa umri na jinsia havikutabiri mengi. Vilivyotabiri ni historia ya ganzi ya zamani, na kubadilisha dawa zaidi ya mara moja kwa siku. Tazameni jambo hili la pili. Ni tabia, na tabia hurekebishika bila gharama yoyote. Anayejaza trei asubuhi na usiku akidhani anaharakisha kazi, anajitafutia maumivu.

Hatua ya pili ni kuiandaa mishipa ya fahamu. Tangu mwaka 1974, alipoandika juu yake Milton Hodosh, potasiamu naitreti imejulikana kuwa hutuliza meno yenye ganzi. Haizibi mirija; hupenya mpaka kwenye kiini, kama peroksidi inavyopenya, na huko hufanya mishipa ya fahamu ichelewe kupeleka habari ya maumivu. Imo katika dawa nyingi za meno zinazouzwa kwa ajili ya meno yenye ganzi, kwa kawaida asilimia 5, na hizo hupatikana katika maduka ya dawa ya miji yetu. Mnunuzi aangalie jina hilo kwenye orodha ya viambato nyuma ya boksi, si maneno makubwa ya mbele. Kuitumia kupiga mswaki kwa wiki mbili kabla ya kuanza kung'arisha kumeonyeshwa kupunguza siku za maumivu. Haywood na wenzake walikwenda mbele zaidi: waliweka jeli yenye potasiamu naitreti na floraidi ndani ya trei ile ile ya kung'arishia, dakika 10 hadi 30, na wagonjwa wengi waliokuwa wanaumia waliweza kumaliza matibabu. Trei yenyewe inahitaji uangalifu. Iliyochongwa vibaya humwaga jeli juu ya fizi na kuziunguza, na inayobana sana huyafanya meno yaume hata ikiwa tupu.

Hatua ya tatu ni kupunguza muda. Wengi huambiwa walale na trei, na kwa asilimia 10 hilo linavumilika. Lakini vipimo vya Matis vilionyesha kuwa baada ya saa mbili nguvu ya jeli hiyo huwa imebaki kama nusu, kisha inaendelea kushuka taratibu hadi asubuhi. Mwenye meno mepesi kushtuka anaweza basi kuivaa saa moja au mbili jioni, akaitoa, akalala kwa amani, na bado akapata sehemu kubwa ya kazi yake. Au aivae usiku mmoja na kuruka mwingine. Hesabu ya siku itaongezeka. Rangi ya mwisho haitapungua. Kuhusu vidonge, jaribio moja lililochapishwa mwaka 2009 lilikuta kuwa ibuprofeni iliyomezwa kabla ya kung'arishwa kliniki ilipunguza maumivu wakati wa kazi yenyewe, lakini haikusaidia baadaye. Na saa za baadaye ndizo mtu anazoumia akiwa nyumbani peke yake. Kidonge kinachomwezesha mgonjwa kustahimili dawa kali zaidi hakijamfanyia wema.

Wapo watakaosema: kwa nini tusirudi kwenye vitu vya asili, limau na mkaa, ambavyo havina kemikali wala kliniki? Nalijibu pingamizi hili kwa heshima kwa sababu linatoka kwa watu wasio na pesa ya daktari, na kwa sababu si kila cha asili ni kibaya. Mswaki wa mti, ule ambao Pwani hutafunwa ncha mpaka ukawa brashi, husafisha vizuri ukitumiwa kwa upole. Limau ni jambo lingine kabisa. Enameli huanza kuyeyuka pale uchachu unapoteremka chini ya pH 5.5 hivi, na maji ya limau yako kwenye pH 2 au zaidi kidogo. Anayesugua meno kwa limau anayeyusha kile anachotaka king'ae. Siku ya kwanza jino huonekana jeupe. Baada ya miezi enameli imepungua, na dentini ya manjano iliyokuwa imefichika inaonekana zaidi kuliko mwanzo, safari hii pamoja na ganzi ya kudumu, kwa maana enameli haioti tena. Mkaa nao ulipitiwa na watafiti wa Marekani mwaka 2017, wakasema ushahidi wa kwamba unang'arisha au kwamba ni salama hautoshi. Unachofanya kwa hakika ni kukwaruza. Peroksidi hafifu inayosimamiwa ni rafiki wa jino kuliko tunda lile tunalolikamulia samaki.

Nimeliacha kwa makusudi kundi moja mpaka sasa, kwa kuwa linahitaji maneno yake. Katika Bonde la Ufa, kuanzia Nakuru na Naivasha hadi Arusha na vijiji vya chini ya Mlima Meru, maji ya visima na chemchemi nyingi hubeba floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuna vyanzo katika ukanda huu vinavyopita kiwango hicho mara nyingi, na Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 8 vijijini kwa kuwa maji mengine hayakuwepo. Magadi yanayotiwa kwenye makande na maharage ili yaive upesi huongeza floraidi juu ya ile ya maji. Mtoto anayekua kwa maji na chakula hicho hujengewa enameli yenye vinyweleo, na meno hutoka na mabaka meupe kama chokaa au ya kahawia. Vijana wa huko huenda mijini kusoma au kutafuta kazi, wakachekwa, na wengi wao hutamani kung'arishwa kuliko mtu mwingine yeyote. Wanachohitaji si anachohitaji mwenye madoa ya chai. Peroksidi mara nyingi hupunguza ukahawia, lakini mwanzoni inaweza kuyafanya mabaka meupe yaonekane zaidi, na enameli yenye vinyweleo haistahili kushambuliwa kwa jeli ya asilimia 38 ili kazi iishe alasiri moja. Kwao njia ya busara huanza na dawa hafifu ya muda mrefu, na pale panapobidi, daktari husugua kwa uangalifu tabaka jembamba la juu, au huingiza utomvu maalumu ndani ya vinyweleo ili mabaka yafifie, au huyafunika meno yaliyoharibika zaidi. Na kwa wadogo zao ambao meno yao bado yanajengwa ndani ya taya, kazi iko kwenye maji. Kituo cha Ngurdoto, Arusha, kimeshughulika kwa miaka mingi na kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na Jimbo Katoliki la Nakuru limefanya kazi kama hiyo upande wa Kenya. Ndoo moja ya chujio katika nyumba yenye mtoto wa mwaka mmoja inaokoa zaidi ya jeli zote tutakazompaka akifika miaka ishirini.

Swali la mwisho ni la nani asimamie. Umoja wa Ulaya ulikwisha kuamua: tangu mwishoni mwa Oktoba 2012, bidhaa yenye haidrojeni peroksidi isiyozidi asilimia 0.1 huuzwa kwa yeyote, inayozidi hapo hadi asilimia 6 huuzwa kwa madaktari wa meno tu, matumizi ya kwanza yakiwa chini ya usimamizi wao, na haitolewi kwa aliye chini ya miaka 18. Sababu ya umri inaeleweka kwa yale niliyoeleza: jino la kijana lina kiini kikubwa na mirija mipana. Wengine wataona sheria ya namna hiyo inawanyima wanyonge urembo na kuwapa madaktari ukiritimba. Mimi naona kinyume. Aliye na uwezo hupata daktari popote alipo. Anayeumizwa na jeli isiyo na kipimo iliyonunuliwa mtandaoni, na taa ya saluni isiyo na daktari, ni yule msichana aliyekusanya pesa kidogo kidogo. Ningependa mamlaka zetu zianze na jambo dogo linalowezekana kesho: kila boksi la kung'arishia meno liandikwe kwa Kiswahili kiasi cha peroksidi iliyomo na muda wa juu wa kuiacha mdomoni.

Mpaka hapo, mtu anayeanza kung'arisha na akaumia afanye hivi. Asimamishe dawa kwa siku mbili au tatu, wala asiogope kuwa weupe alioupata utapotea. Apige mswaki kwa dawa yenye potasiamu naitreti, na kama ana trei aitie humo nusu saa jioni. Aache vinywaji vya barafu, soda na maji ya matunda makali kwa siku hizo. Akianza tena, aanze kwa muda mfupi zaidi, avae siku moja na kuruka nyingine. Maumivu ya kung'arisha huwa yanazunguka katika meno kadhaa, huja kwa mchomo mfupi na hupungua kadiri siku za mapumziko zinavyokwenda. Yakiganda kwenye jino moja, yakimwamsha usiku, yakichochewa na chai ya moto na kuendelea hata baada ya kikombe kuwekwa chini, au yakifika wiki mbili tangu dawa isimamishwe, huyo si mgonjwa wa kung'arisha tena. Apelekwe kwa daktari wa meno, jino hilo lipigwe eksirei, na kiini chake kipimwe siku hiyo hiyo.